Mpiga Ngoma Asimame Wapi?

(Hotuba iliyotolewa Bagamoyo, siku ya kufungua mafunzo ya siku tano ya wawezeshaji wa warsha za sanaa za maonyesho kwa vijana, wenye ulemavu na wasio na ulemavu. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa pale msemaji alipokohoa.)

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu wa sanaa, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi vijana wenyewe. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi?

Kwa wale msioniona: mimi ni mama mfupi wa makamo, nimevaa kitenge cha bluu chenye samaki wakubwa wa njano, na kilemba ambacho fundi aliniapia kitakaa, nacho hakikai. Nimesimama chini, mbele ya jukwaa. Sikupanda juu, na sababu mtaijua baadaye. Kulia kwangu wapo wakalimani wawili wa lugha ya alama. Wako wawili kwa sababu kazi hiyo inachosha akili na misuli kwa pamoja, na mtu mmoja akiachiwa saa nzima, mikono huanza kuruka maneno. Watapokezana kila baada ya dakika ishirini hivi. Wakipokezana nitanyamaza, msidhani nimesahau hotuba.

Nimeombwa nizungumzie sanaa jumuishi. Jumuishi ni neno ambalo siku hizi huandiki andiko la mradi bila kulitia, kama chumvi. Sina ugomvi nalo. Ila nimelisikia likitamkwa kwa mbwembwe kwenye kumbi ambazo hata kuingia chooni lazima upande ngazi tatu, kwa hiyo naomba nilisogelee polepole. Nianze na redio.

Wa rika langu mnazikumbuka zile ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Zikianza tu, nyumbani kwetu Tanga baba aliinua kidole, nasi watoto tukajua: kimya. Nilikuwa mtu mzima, tayari nafundisha, nilipokuja kujua kwamba zile ngoma zilipigwa na mtu mmoja, mzee Morris Nyunyusa, na kwamba mzee huyo alikuwa haoni. Mtu mmoja, ngoma nyingi zimemzunguka, kila moja na sauti yake, na mikono inajua kila moja iko wapi. Nchi nzima ilimsikiliza kila siku, na wengi wetu hatukujua kama ni kipofu. Tungemwona kwanza jukwaani, ameshikwa mkono na mtoto akiongozwa kwenye kiti, nina hakika minong'ono ingeanza: masikini, ona Mungu alivyomjalia. Redio ilitunyima nafasi ya kumhurumia, tukabaki na ngoma peke yake.

Huruma inanitisha katika kazi yetu kuliko dharau. Dharau unaiona inakuja, unajipanga. Huruma inakuja imebeba soda na keki.

Niwape kisa, na mwenye kosa ni mimi. Miaka kadhaa nyuma niliandaa igizo la tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Mnalijua igizo hilo hata kama hamkuliona. Kuna kijana kwenye kitimwendo, amewekwa pembeni ya jukwaa. Mama analia. Baba mlevi. Jirani anasema mtoto huyu ni mkosi. Mwishoni anaingia mtu mwenye suti, anatoa ahadi, ngoma inapigwa, watu wanafuta machozi. Kijana wangu alikuwa na sentensi moja tu: "Jamani, nisaidieni." Aliitamka vizuri kweli. Ukumbi ulilia, mgeni rasmi alilia, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kesho yake, tunapanga viti, akaniambia, "Mwalimu, hivi kwa nini kila mwaka mimi naombaomba? Mtaani kwetu mimi ndiye mchekeshaji."

Nikamuuliza, ungependa uwe nani? Hakufikiri hata nusu dakika. "Konda."

Basi tukatengeneza daladala. Kitimwendo chake ndicho kilikuwa gari, maana ndicho kitu pekee chenye magurudumu pale. Abiria kumi na mbili wakapanga mistari miwili nyuma yake, kila mmoja kashika bega la mwenzake, na dereva akawa binti asiyeona, kwa hiari yake mwenyewe, kwa sababu alisema madereva wote wa Bagamoyo wanaendesha hivyo hivyo. Kijana wangu akaegemea upande, noti zimekunjwa katikati ya vidole kama wanavyofanya wenyewe, akaachia sauti: "Makumbusho, Makumbusho! Bunju, Tegeta, Mwenge! Wawili wa mwisho! Mama mwenye ndoo sogea nyuma, ndoo hailipi nauli?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Katikati ya kicheko hicho, akaingia mwigizaji mwingine kwenye kitimwendo, akapunga mkono kituoni. Konda wetu akamtazama, akatazama saa, akapiga bati: "Twende, twende, huyo anachelewesha!" Gari likampita.

Ukumbi ulizimika. Maana wote mle ndani tumewahi kuwa ndani ya lile gari, tumekaa dirishani, tukaona mtu anaachwa, tukanyamaza kwa sababu tunawahi. Lile igizo la kwanza liliwaliza watu wakaenda nyumbani wameridhika na nafsi zao. Hili liliwachekesha, wakaondoka wanatazamana kwa pembe ya jicho. Na sikulitunga mimi.

Mkalimani ananiashiria nipunguze mwendo. Nimesikia, mwalimu. Pokezaneni.

Haya. Sasa nije kwenye kichwa cha maneno yangu, mpiga ngoma.

Tulikuwa na warsha kwenye ukumbi mmoja, sitautaja, wenye jukwaa dogo lililoinuliwa na pazia zito jekundu. Vijana ishirini na kitu, sindimba, wiki moja ya mazoezi. Kati yao alikuwepo binti kiziwi, mwepesi wa mwili kuliko wote, na kila mara yuko nyuma nusu ya hatua. Nusu tu. Tukamwambia amwangalie mwenzake aliye mbele. Akamwangalia, na ndiyo kwanza akazidi kuchelewa, kwa sababu anayemfuata mwenzake hawezi kufika pamoja naye.

Nikakumbuka kitu ambacho kila mwezeshaji amewahi kuambiwa: kiziwi asikilize kwa miguu. Nikamvua viatu. Nikawavua viatu wote, ili asijione peke yake. Siku mbili nzima binti yule alisimama peku akinitazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke. Siku ya tatu akamwita mkalimani, akasema, "Mwambie mwalimu, hii ni saruji. Saruji haisemi kitu." Kisha akauliza swali ambalo mimi, na cheti changu na miaka yangu yote ya kufundisha, sikuwa nimeliuliza. "Kwa nini mpiga ngoma mmemficha?"

Na kweli tulimficha. Jukwaa lilikuwa dogo, wapigaji tukawaweka nyuma ya pazia wabaki kusikika tu. Kwa sisi tunaosikia, ngoma ni ngoma hata ikiwa nyuma ya ukuta.

Tukawatoa. Tukawaweka mbele kushoto, wachezaji wanawaona. Na hapa ndipo nilipopata somo ambalo sikulipata chuoni. Yule binti hakuacha tu kuchelewa, alianza kuwahi. Kidogo sana, upana wa unywele. Nikadhani ni papara. Mpiga ngoma kuu, mzee wa Kimakonde asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenieleza: mkono wangu unapanda kabla haujashuka, na huyu anacheza na mkono, ninyi mnacheza na sauti. Sauti inatoka mkono ukishafika kwenye ngozi. Yeye alikuwa ameshaona tangu kiwiko kinainuka. Kufikia siku ya tano, wale wanaosikia walikuwa wanamwangalia yeye, hasa pale pa kubadilisha hatua, ambapo siku zote tulikuwa tunagongana kama mbuzi mlangoni.

Mzee naye alibadilika. Zamani aliwapa wachezaji ishara ya kugeuza kwa mdundo peke yake. Akaanza kuongeza bega. Anainua bega la kulia, halafu ndipo mdundo unageuka. Nilimwona mwaka uliofuata akipiga kwenye harusi ambako hapakuwa na kiziwi hata mmoja, na bega lilikuwa linapanda.

Nawauliza basi, nani alimweka mpiga ngoma nyuma ya pazia? Uwanjani kijijini hakuwa huko. Alikuwa katikati, jasho linamtoka, kila mtu anamwona, watoto wamemzunguka mpaka wanafukuzwa. Tulimficha tulipoingia kwenye kumbi zenye jukwaa la juu, ngazi upande mmoja, taa mbele na watazamaji gizani. Ndiyo maana leo nimesimama huku chini. Jukwaa hili zuri lina ngazi saba na hakuna njia nyingine ya kupanda. Nisingependa kuzungumzia ujumuishi kutoka mahali ambapo robo ya wasikilizaji wangu hawawezi kufika.

Lakini msinielewe kwamba zamani palikuwa peponi. Hao hao waliocheza uwanjani mpaka alfajiri, baadhi yao walikuwa na mtoto amefungiwa chumba cha ndani asionwe na wageni, anasikia ngoma kwa mbali. Uwanja ulikuwa wazi, ila mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Mimi nimekulia mtaa wenye mlango kama huo.

Kazi ya kuwauliza watu kabla ya kuwatungia, hatukuianza sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, walikwenda Malya, kule Usukumani, hawakubeba igizo mfukoni. Wakakaa na watu, wakauliza shida ni ipi, wakaichambua nao, ndipo wenyeji wakatunga kwa ngoma na vichekesho vyao, wakaonyesha, wakajadili. Mwaka 1996, Mlama na Amandina Lihamba na wenzao wakaja na Tuseme kwa wasichana wa sekondari, kwa utaratibu wa namna hiyo: msichana aseme mwenyewe kinachomkwamisha shuleni. Wengi wenu humu mmefundishwa njia hiyo, mnaijua kuliko mimi. Ninachoshangaa ni kwamba akija kijana mwenye ulemavu, tunairuka hatua ya kuuliza. Tunafika na andiko tayari, nafasi yake imeshachorwa pembeni ya jukwaa, sentensi moja, "Jamani, nisaidieni."

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na nchi yetu kuuridhia mwaka 2009, inazitaka serikali ziwape watu hawa nafasi ya kukuza vipaji vyao, si kwa manufaa yao tu, bali pia ili jamii itajirike. Sehemu ya kwanza tunaipenda, inatufanya tuonekane wema. Ya pili ndiyo ngumu kumeza, maana inasema kuna kitu sisi hatunacho.

Nitawaonyesha kitu hicho kwa mfano wa bati.

Vijana wawili viziwi walitaka kutunga ngonjera. Mabishano ya Mvua na Bati. Nikafurahi, nikajua yatakavyokuwa: Bati litalalamika linapigwa, Mvua itajisifu kwa kishindo, sote tumelala chini ya bati masika, tunaijua sauti ile. Vijana wakatunga kwa lugha ya alama. Bati lao halikuwa na kelele hata chembe. Lilijisifu kwamba linang'aa. Asubuhi jua likilipiga, mtu anaona nyumba yao toka ng'ambo ya bonde, na Mvua ikija inalikodolea macho kwa wivu, inatia kutu kidogokidogo, ubeti kwa ubeti, mpaka mwisho Bati limekuwa jekundu na Mvua inaingia ndani kitandani. Maisha yangu yote sikuwahi kufikiri bati kama kitu kinachong'aa. Kwangu bati lilikuwa sauti.

Na vina vilikuwepo, washairi msinitolee macho. Kila mstari ulifungwa kwa umbo lile lile la mkono, kiganja wazi vidole vitano vimetawanyika. Mng'aro unaishia hapo, matone yanaishia hapo, kutu inasambaa, inaishia hapo. Ubeti wa mwisho kiganja kikafumba. Mwenye jicho alivisikia vina, kama ninaruhusiwa kusema hivyo.

Mimi kwa kiherehere changu nikajitolea kuitia sauti kwa ajili ya wanaosikia. Nikatafuta vina vya "-ati", nikapima mizani nane kwa nane. Kwenye mazoezi mmoja wao akanitazama mdomo muda mrefu, akamwuliza mkalimani, "Anasema nini muda wote huo? Sisi tumeshamaliza." Tukakubaliana ubeti wa kutu uende bila sauti kabisa. Usiku wa onyesho, kwa dakika nzima, watu mia mbili wanaosikia walikaa hawaelewi, wanajikohoza, wanatazamana. Baadhi ya wenzangu walinilaumu kwamba niliwatenga watazamaji. Niliwajibu kuwa ilikuwa dakika moja, na mlangoni hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Mambo mengine nitayapitia mbio, mtayafanya kwa mikono siku hizi tano. Jamvi: litandikeni eneo lote la kuchezea, asiyeona akikanyaga sakafu tupu anajua amefika ukingoni, hahitaji kushikwa shikwa kama yai. Na kabla ya mazoezi mpelekeni aguse kila kitu, kiti, mlango, ngoma, na apapase mkuki wa mwenzake kabla haujamchoma. Vijana wenye ualbino msiwaweke uwanjani saa saba mchana kwa sababu mpiga picha anapenda mwanga. Mazoezi ya nje ni asubuhi au jioni, na kofia si sehemu ya vazi la kuvuliwa onyesho likianza. Mwenye usonji anaweza kuipenda ngoma akiwa mita thelathini na kuichukia akiwa mita tatu, kwa hiyo awe na kona yake tulivu, na akienda huko asifuatwe na mtu wa kumbembeleza. Maandishi ya nukta nundu yaagizwe mapema, siyo asubuhi ya onyesho. Wenye ulemavu wa akili wanataka ratiba isiyobadilika kila siku, na hapo nawaambia ukweli, hata mimi naitaka.

Swali la kama viziwi wawe na muda wao peke yao nimeshabishana nalo sana. Wapo wanaosema kuwatenga hata saa moja ni kuvunja ujumuishi. Mimi sikubali. Ile ngonjera ya Bati isingezaliwa tungekaa sote, maana kila wakiinua mkono kungekuwa na mtu wa kuuliza maana yake nini. Walihitaji mlango wa kuufunga, na waufungue wenyewe wakiwa tayari.

Halafu fedha. Niliwahi kuitwa kwenye mradi, wenyewe nawahifadhi, wenye fulana mia mbili zimechapwa "Sanaa kwa Wote" mgongoni, kofia, na bango la kukaribishia wageni kubwa kama tanga la jahazi. Nikauliza mkalimani yuko wapi. Wakasema bajeti haikutosha, ila kuna dada mmoja anajuajua alama, kaka yake ni kiziwi. Dada wa watu alikaa pale siku tatu bila kupumzika, siku ya tatu mikono inatetemeka, na vijana viziwi wakawa wanamhurumia yeye. Fulana ninayo mpaka leo, nadekia nayo. Mkipanga bajeti, anzeni na wakalimani wawili, nauli ya bajaji kwa asiyepakiwa na daladala, na choo. Fulana zije zikibaki senti. Na vijana wanaoigiza walipwe posho ile ile mnayowalipa wengine. Keki siyo posho.

Wazazi, nimewaona mmejibana nyuma mlangoni. Kuna mama kaniuliza asubuhi kama binti yake atarudi na kitu cha kumsaidia maishani au ni kucheza tu. Mama, siwezi kukuahidi kazi. Wako niliowafundisha wakapata riziki kwa sanaa, na wako wengi zaidi waliorudi mtaani wakaendelea na yao. Yule konda wangu siku hizi anatangaza misiba na mikutano kwa kipaza sauti, analipwa kwa tangazo, na nasikia huwezi kubishana naye bei. Hayo ndiyo niliyo nayo.

Mgeni rasmi, najua ratiba inasema baada yangu kuna makofi, picha ya pamoja na chai. Naomba tuivuruge. Makofi kwanza yawe ya viziwi, mikono juu, vidole vichezecheze. Hivyo hivyo. Msiishushe haraka, baba, kuna mtu huku nyuma hajaiona.

Sasa tutoke nje. Jamvi limetandikwa chini ya mwembe, upande wenye kivuli. Viti vyenye magurudumu vipite mlango wa jikoni, ndio hauna ngazi, nasi wengine tupite huko huko. Wapiga ngoma wameshafika, na mzee ameniuliza akae upande gani. Nimemwambia asubiri kwanza. Vijana, nendeni mkamwonyeshe.